Kina cha Kisima cha Baba

Ujerumani, Jumapili baada ya kanisa

Ndugu yangu Mwenda,

Habari za huko? Watoto wanaendeleaje, na magoti ya mama? Mimi ni mzima, ingawa baridi ya huku imenipasua midomo. Ningekupigia simu tena, lakini ningekugombeza kabla hujafungua mdomo, kwa hivyo naandika.

Unakumbuka nilikuomba upime visima vya kijijini. Hapa tunaigiza tetemeko la ardhi kwa kompyuta inayojaza ukumbi mzima, ili tujue ni wapi patatikisika zaidi. Udongo laini hutikisika kuliko mwamba, na kwetu mchimbaji huacha kuchimba kisima akifika mwamba. Ndiyo maana nilitaka kina cha kila kisima. Fomu za Embu, alizojaza mwalimu mmoja, zilifika na matope. Zako zilifika safi.

Tulingoja zamu ya mashine miezi mingi. Ikafanya kazi siku nne, ikachora ramani, nami nikasimama mbele ya wakubwa wangu nikimsifu ndugu yangu wa Igembe. Ni jana tu nilipofungua fomu zako kutafuta kisima chetu. Umeandika futi thelathini.

Mwenda, kisima kile nilikichimba na baba! Yeye chini, mimi juu nikivuta udongo kwa ndoo hadi viganja vikachubuka. Ni futi hamsini na mbili. Nikampigia mama kumwuliza ulipima lini.

"Kupima nini? Hiyo wiki yote alikuwa Kangeta sokoni, anafunga miraa."

Nikakupigia wewe, ukacheka. "Sista, kisima ni kisima tu. Nani atatoka huko aje kuchungulia?"

Nimeumia. Mgeni akinidanganya nitasahau, lakini wewe! Ramani ile ingetumika kuchagua pa kujenga, hata madarasa mapya ya wanao, na wewe umeiambia mashine kwamba mwamba uko karibu. Kesho nasimama tena mbele ya watu wale wale niseme ni uongo. Wataniuliza nani alipima, na nitawajibu.

Nisalimie wanao, shangazi anayeuza ndizi Gakoromone, na yule jirani aliyetuazima kamba tulipochimba. Kamba yenyewe usiifuate. Mama, na magoti yake hayo, ameshaichukua. Anasema atapima mwenyewe, na ataanza na kisima cha baba.

Dada yako,
Karimi