Majina nyuma ya saa

Colette, soma hii peke yako. Archange bwana yangu amefunga boutique yake ya hapa Mushaki mu mchana kabisa.

Unajua vile anapenda saa za zamani, zenye kuenda bila pile, ni kusema bila betri. Anasemaka: kwetu vita ikifika, shamba inabaki, ngombe zinabaki, lakini saa ya baba inakimbia na wewe ku mukono. Njo maana wanaume wa hapa Masisi wanazipenda hivi. Na yeye anachaguaka tu zenye jina ya mwenye saa wa zamani imechongwa nyuma. Eti jina njo uzuri wake.

Leo papa mumoja, muzee wa kijiji ya Karuba, ameingia kununua chumvi. Akaona saa ku mukono ya Archange, akaomba kuishika. Akaigeuza. Akasoma jina.

“Hii iko ya baba yangu.”

Archange akamujibu: “Papa, pengine mliipoteza mu kukimbia?”

“Hapana. Tulimuzika nayo.”

Colette, WALIMUZIKA NAYO!

Na hakukasirika. Hakuichukua. Alimuvalisha Archange tena, akafunga mukanda yeye mwenyewe, polepole, akatoka bila chumvi.

Symphorien mwenye kumuleteaka hizo saa, telefone yake haipite tena.

Sasa Archange amezipanga zote ku meza. Anazigeuza moja moja, anasoma majina kwa sauti kama padri mu misa ya wafu.

Colette, watoto wa hao wote wanapitaka ku hii barabara yetu.