Msimu wa Mabibo Kitangari

Kitangari, 14 Septemba 2024

Shikamoo dada Devotha,

Hujambo? Natumaini mafua yamekuachia. Mimi mzima, ila maji yanatutesa, ndoo mbili ni asubuhi nzima. Leo nimeandika kundini kwenye simu "siku ya 106 bila pombe", na watu wa Tumeacha wamenipongeza mpaka simu ikaisha chaji. Hatujawahi kuonana uso kwa uso, lakini wewe ndiye uliyenipokea nilipojiunga, ndiyo maana nakuandikia pembeni.

Dada, mabibo yameanza kuanguka mikoroshoni. Wanayakamua kila nyumba, na kijiji kizima kinanukia uraka, pombe ile iliyonimaliza. Mke wangu, Mama Gift, bado yuko kwa mama yake na watoto. Aliniambia waziwazi kwamba nikivuka msimu huu bila kulewa, atarudi. Nisipovuka, nisimfuate tena. Naogopa.

Mdogo wako,
Optatus

Masasi, 15 Septemba 2024

Marahaba mdogo wangu,

Mafua yamekwisha, asante. Usijione dhaifu. Mimi si mtu wa huku. Nilipopangiwa kufundisha Masasi ndipo nilipoonja uraka, nikadhani ni kinywaji cha watoto. Nimetimiza miaka miwili sijagusa, na bado nikipita wanapouza, nashika mkoba kwa mikono miwili. Hamu ikikubana nipigie, hata nikiwa darasani nitatoka. Mama Gift atarudi, utaona.

Dada yako,
Devotha

Kitangari, 9 Oktoba 2024

Shikamoo dada,

Natumaini u mzima. Mimi si mzima.

Jana mama mkwe aliniita nikamsaidie kuokota korosho. Nilifurahi, maana tangu mke wangu aondoke hajawahi kuniita. Saa nane mchana, jua kali, akanimiminia maji ya mabibo waliyoyakamua asubuhi, mbele ya mashemeji wote. Akasema, "Kunywa baba, hii bado juisi." Juisi ya asubuhi, ikifika saa nane na jua lile, si juisi tena, ni uraka. Nani asiyejua hilo hapa Kitangari? Lakini kikombe cha mkwe hakirudishwi kimejaa. Nikajiambia ni juisi. Nikaomba cha pili, cha tatu nikajichotea mwenyewe.

Mama Gift alikuwa anatazama. Aliwaingiza watoto ndani akafunga mlango.

Leo nimeandika kundini "siku ya 131". Usiwaambie, nakuomba.

Mdogo wako,
Optatus

Masasi, 10 Oktoba 2024

Marahaba mdogo wangu,

Pole sana. Nimekupigia mara nne hupokei. Sitamwambia mtu, lakini waambie mwenyewe, uanze upya siku ya kwanza. Kundini hakuna atakayekucheka, wengi wetu tumerudi hapo zaidi ya mara moja. Nikifikiria ule mlango nashindwa hata kusahihisha madaftari. Niambie nifanye nini.

Dada yako,
Devotha

Masasi, 20 Oktoba 2024

Optatus mdogo wangu,

Hujambo? Watoto hawajambo? Siku kumi kimya. Jana kundini nimeona umejitoa. Hujaaga mtu. Jumamosi nakuja huko, nitauliza njia mpaka nikupate.

Dada yako,
Devotha

Masasi, 27 Oktoba 2024

Mdogo wangu Optatus,

Sijui salamu hizi zitakukuta katika hali gani, lakini nakusalimu. Jana nilikuja. Labda hukumbuki. Bodaboda alinishusha uani kwako, nawe ulikuwa umekaa na wenzako watatu, ndoo katikati. Uliniuliza mimi ni mama nani. Nikakwambia ni Devotha, wa Tumeacha. Ulicheka, kisha ukalia, kisha ukafuta kikombe kwa shati lako ukanijazia. Ukasema, "Dada, na wewe usinikatae."

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kukwambia.

Nilikinywa, Optatus. Miaka miwili.

Leo sijaandika siku yangu, na kundini wananiuliza kama niko salama. Sina wa kumwambia ila wewe. Nimekupigia tangu asubuhi. Pokea simu.

Dada yako,
Devotha