Betri ya Laptop Yako Juani

Dada Rehema, shikamoo.

Hapa Kiranjeranje ni muhogo asubuhi, muhogo jioni, na jua halina huruma. Jana nikishuka kwenye lori, begi lilinichoropoka na laptop yako ikaangukia kona. Haikuwaka. Nikatoa betri, nikaipangusa kidogo, nikairudisha. Kimya. Ndipo nikakumbuka kuwa tasnifu yako yote imo humo na nakala hatukutoa.

Nikaichomoa betri tena, nikaenda kuoga. Kurudi, namkuta mwenyeji wangu Bi Zuhura ameianika kwenye mkeka wa muhogo, kando ya betri za redio yake.

"Imechoka tu, mwanangu," akasema. "Iache ipate jua."

Akanieleza kuwa kabla ya kuianika alikuwa amevisugua vile vyuma vya betri kwa pindo la kanga, vumbi lote likatoka. Nadhani dawa ilikuwa hapo. Nilipoipachika betri, laptop iliwaka, na tasnifu ipo mpaka ukurasa wa mwisho. Bi Zuhura analishukuru jua, sikumbishia.

Nisalimie watoto, nawaletea korosho. Kona imepasuka, ndiyo maana nimetanguliza kadi hii, hasira zipoe kabla sijafika.

Mdogo wako,
Salima