Upanga Usio na Jina

Kaka Yasaburo,

Hapa Osafune figili zimekubali, na paka kazaa ndani ya kapu la makaa.

Juzi alikuja Bwana Dosai, mthamini wa panga. Akautazama dirishani ule upanga ulioufua ukauacha bila jina, ulipogombana na Baba. "Mzee, hujapata kufua upanga mzuri kama huu!"

Baba akacheka. "Umekosea, bwana. Hiyo ni kazi ya yule mkaidi wangu."

"Basi chonga jina lako hapa panapoingia mpinini. Nani atajua?"

"Thubutu!"

Kaka, macho ya Baba hayatambui tena rangi ya moto, wala hafui tena. Lakini kila asubuhi anainoa patasi ya kuchongea jina. Jana nikamuuliza ya nini.

"Mwenyewe akija, asiikute butu."

Mdogo wako,
Otatsu