Nyumba ya Baba Kule Daudi

Yaeda Chini,
14 Agosti 2004

Kaka Maximilian,

Shikamoo. Sisi wazima, na mbuzi amezaa mapacha. Umeuliza kama nyumba ya baba kule Daudi bado inavuja. Haivuji, kaka. Niliiuza Januari.

Tangu shule ya pale ianze kufaulisha, watu walikuwa wakija kuulizia viwanja kila Jumapili. Yahaya, mfanyabiashara wa Dongobesh, akataja bei ya kutosha kununua shamba kubwa huku Yaeda na ng'ombe wawili. Nikadhani amependa mabati yangu mapya. Wiki hiyohiyo akaibomoa. Alitaka kiwanja tu, ili wanawe wasome kwenye madarasa ambayo mimi na baba tuliyabebea mawe.

Huku mwalimu ni mmoja. Akienda Mbulu kufuata mshahara hukaa wiki nzima, na Violeth wangu wa darasa la tano ndiye anayewafundisha wadogo. Nimeulizia viwanja Daudi. Hata nikiuza ng'ombe wote na shamba, sipati pa kujenga jiko.

Violeth anakusalimia. Mwanzoni alikuwa akiniuliza kila siku tutarudi lini. Siku hizi haulizi.

Mdogo wako,
Verediana