Krismasi Niliyowaandalia Wageni Wasiokuwapo

Old Kampala,
Kampala, Uganda.
Jumapili, 12 Januari 2025.

Mpendwa Dada Valarie,

Naomba barua hii ikukute mzima, na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua uwe umepata nafuu. Yule bibi mzee unayemtunza huko Doha anaendeleaje? Bado anakataa kuoga mpaka umwimbie? Mimi huku mwili ni mzima. Mvua imekatika, vumbi la barabarani linaingia mpaka kwenye shuka.

Naandika kwa karatasi na kumpa mwenzako Nabangala, anayerudi huko Jumatano, kwa sababu kwenye simu nimezoea kukuambia niko salama, na ulimi unakwenda wenyewe.

Unisamehe, Dada. Nilikuambia sikwenda nyumbani Bungoma kwa sababu duka lingekuwa wazi sikukuu yote. Si kweli. Kikuubo nzima, mtaa wote wa maduka yetu, ilifungwa, na tajiri wetu alituachia tangu mchana wa tarehe ishirini na nne. Nilishindwa tu kujiona nikiingia pale jikoni na Mama hayupo. Tangu tumzike Agosti sijaweza.

Sasa nikwambie lililonipata. Lilianza Novemba, nyimbo za Krismasi zilipoanza kupigwa madukani. Nikitoka kazini nanunua chapati mbili za mayai, nazila njiani, nikifika nyumbani napika tena kama mtu ambaye hajala tangu asubuhi. Si njaa. Njaa naijua, wewe na mimi tumelala nayo utotoni. Hii inakaa hapa juu, karibu na koo, na ninapotafuna inanyamaza kidogo. Nikimaliza inarudi, na aibu juu yake. Sketi zangu mbili sasa nazifunga kwa pini.

Siku ya Krismasi nilipika kila alichokuwa akipika Mama: kuku mzima, wali, chapati kumi na sita. Jirani yangu Adyero, mke wa askari polisi aitwaye Okullo, alinikuta kwenye bomba la uani nikinyonyoa kuku. Akauliza kama nina wageni. Nikamwambia ndiyo, wanatoka Kenya.

Nilianza kula saa saba mchana, nimekaa kitandani, mlango nimeufunga. Redio niliifungulia kwa sauti ili nje isikike kama kuna watu. Nilikula mpaka tumbo likauma, nikajilaza, nikaamka nikaendelea. Wewe ulipopiga simu nilikuwa na chapati mkononi, ndiyo maana sikutaka ile ya video.

Kesho yake saa nne asubuhi Adyero akapiga hodi. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, na mkononi ana bakuli la majani ya kunde yaliyopikwa kwa simsim, yaani ufuta, mboga ambayo kwao Gulu huiita boo.

"Mimi nakuja salimia wageni," akasema.

Chumba changu unakijua, ukisimama mlangoni umekwisha kukiona chote. Aliona kitanda, sufuria tatu, na sahani moja.

"Wamerudi?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikajikuta nasema, "Hawakuwapo, mama."

"Wewe peke yako nakula hii yote?"

"Ni mimi."

Hakucheka. Aliweka bakuli chini, akaketi kwenye stuli.

"Okullo wamempeleka kazi Karamoja tangu mwezi wa kumi," akasema. "Mimi napika, naangalia chakula, nashindwa kumeza. Jana nakunywa chai tu."

Ndipo nikaona jinsi gauni lile lilivyomlegea mabegani. Dada, tumechota maji bomba moja miezi yote hiyo na sikuwa nimemtazama.

Tulikula ile boo pamoja, polepole, yeye akijilazimisha na mimi nikijizuia. Nilipotaka kupakua mara ya tatu, aliniuliza habari za Mama. Nikamweleza zote, hata yale ya wodini ambayo sijamwambia mtu. Nilipomaliza, chakula kilikuwa kimepoa na sikukitaka tena.

Siku hizi jioni tunakula wote, kwake au kwangu. Nisikudanganye kwamba nimepona. Jumanne alikwenda kwa dada yake Kyambogo, nikanunua mkate mzima nikaumaliza kabla sijavua viatu. Tofauti ni kwamba aliporudi nilimwambia.

La mwisho ndilo lililonishinda kabisa. Juzi nilimpigia Baba, ambaye naye nilikuwa nimemdanganya, nikamweleza ukweli kuhusu duka. Akasema, "Tulikungoja, Loice. Nilimwambia kaka yako Makokha wasipakue mpaka saa kumi, pengine ungetokea."

Alijua siji, Dada, na bado aliwaweka watoto wa Makokha na njaa wakiningoja.

Nakwenda Jumamosi. Baba aliuliza anipikie nini, yeye ambaye maisha yake yote hajashika mwiko. Nilishindwa kumjibu. Alidhani simu imekatika, akawa anaita tu, "Loice? Loice?" na mimi nimeshika simu sikioni, machozi yananitoka, nasikiliza mtu wa nyumbani akiniita jina.

Makokha, mkewe na watoto wanakusalimu sana. Adyero naye anakusalimu ingawa hamjaonana. Nimemwonyesha picha yako. Umsalimie yule bibi mzee, na wasichana wote mnaosali nao kanisani Ijumaa, siku yenu ya mapumziko.

Mungu akutunze katika nyumba ya watu, akupunguzie maumivu ya mgongo, na akupe mtu wa kula naye.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukukosa,
Loice