Alama 48,210 kwenye Kalenda ya Chooni

Baba yetu Sjoerd, mwaka umetimia tangu utuache asubuhi ile ya Machi, kahawa yako ikiwa bado ya moto mezani. Nina habari, tena zinanichoma mdomo, ila Mama kasema nianze kwa adabu.

Miaka thelathini uliwatengenezea watu madirisha hapa mjini Drachten, na ukikuta bibi kizee anaishi peke yake, unamtengenezea na mlango bure. Ukirudi unanawa, unakaa mbele ya kompyuta yako ya mwaka themanini na tano, ile ya kuchomeka kwenye televisheni, unatunga michezo. Midogomidogo, unamgawia yeyote. Ule wa mwisho ndio mtamu kuliko yote: mtelezaji anakimbia kwenye barafu, anaruka nyufa, anainama chini ya madaraja.

Mashine ikizimwa, inasahau alama zote. Ndiyo maana uliziandika kwa penseli kwenye kalenda ya siku za kuzaliwa, ile ambayo huku kwetu kila nyumba huitundika chooni. Na sheria yako ilikuwa moja: mwenye rekodi lazima aje aone kwa macho yake kwamba amepitwa, la sivyo haiandikwi.

Sasa kalenda yenyewe, kila ukurasa Rixt, Rixt, Rixt! Rixt, yule msichana wa klabu yenu ya kompyuta, uliyempigia simu yeye kwanza kila mchezo ulipokamilika. Mimi nipo mara moja tu, mwezi wa Juni, kwa kuwa nilizaliwa.

"Mbona yeye kwanza?" nilikuuliza.

"Rixt ana vidole, Jildou. Wewe una domo!" Ukanikatia kipande kikubwa cha mkate wa sukari. Nilikula, lakini wivu haukushuka nao.

Basi sikia! Jumapili mchana nimempita! Yake 47,900, yangu 48,210! Nilipiga ukelele Bibi akadhani nyumba inaungua. Nikashika penseli... nikakumbuka sheria. Baba, tangu mazishi sikuwa nimemsalimia yule msichana, kwa sababu alilia kuliko mimi.

Nikampigia. Akaja na baiskeli, mvua yote mwilini, akasimama mbele ya televisheni.

"Daraja la tatu umepitaje? Mimi nafia pale kila siku."

"Siri yangu."

"Hee! Kumbe domo limeota vidole!"

"Alikwambia hilo?"

"Hilo tu? Kila Jumamosi klabuni, Jildou hivi, Jildou vile. Nilikuwa sikupendi, dada, usinione hivi."

Akachukua penseli, akaandika jina langu yeye mwenyewe, kwa mwandiko mbaya makusudi. "Wiki ijayo nakuja kukung'oa," akasema.

Na aje! Bado namwonea wivu, sikufichi.

Tangu Jumapili mashine inawaka. Mama anapangusa vumbi pembeni, hataki mtu aiguse. Siku itakapozimwa, yenyewe itasahau. Sisi je, mkeo Aukje, mama yako Tjitske, mwanao Douwe na mimi Jildou? Sisi tutakukumbuka, Baba, daima.